Kiti cha Daktari wa Meno

Jua lilikuwa limebaki unene wa kiganja juu ya mapaa, kinyozi alipofunga duka mapema na kushika spana namba kumi na nne. Kazi yenyewe ilikuwa ndogo: kufungua bolti nne, kutoa kiti kimoja. Dakika kumi, hata kwa mtu aliyezoea mikasi.

Gari lilikuwa bandani, nyuma ya nyumba. Jekundu, milango miwili, viti viwili, gari la mbio enzi zile kinyozi mwenyewe alipokuwa na nywele. Alilinunua likiwa limeshachoka, kama walivyonunua wenzake wote wa Chama cha Wasukumaji. Jina hilo walijipa wenyewe, kwa kuwa hapakuwahi kuwa na safari ya pamoja isiyokuwa na gari la kusukumwa. Sasa lilikaa juu ya stendi nne za chuma, halina magurudumu, na injini imelala kwenye turubai ikingoja ringi za pistoni ambazo kiwanda kiliacha kuzitengeneza miaka kumi na miwili iliyopita.

Gari la namna hiyo haliendi popote.

Lakini jioni tatu mfululizo lilikuwa limekwenda. Kilomita kumi na moja kila jioni.

Kinyozi alijua kwa sababu ya fomu. Mwenyekiti wa chama, karani mstaafu wa masjala, aliwazoesha kuandika namba za kilomita kila gari linapopandishwa kwenye stendi, nakala tatu, moja ya mwenye gari, moja ya chama, na ya tatu ya kupotea. Namba zilikuwa pale kwa wino. Na zile za dashibodi zilikuwa zimesonga.

Mkewe naye alikuwa pale, kila jioni jua likizama. Alikaa kiti cha abiria, mkanda umefungwa, akiongea taratibu na kiti cha dereva kitupu. Asubuhi hakumbuki chochote. Alikuwa fundi cherehani, mwanamke wa kupima kitambaa mara tatu kabla ya kukata, hana mchezo na mambo ya kufikirika.

"Mimi? Nikakae kwenye kopo lako lile? Baba watoto, una homa wewe."

Kiti kilikuwa cha marehemu daktari wa meno. Wasukumaji walikuwa na desturi: mwanachama akifa, gari lake haliuzwi. Linagawanywa, kila mtu kipande, ili mengine yaishi. Daktari alifia ndani ya lake, peke yake, jioni ya mvua, kwenye kona ya machimbo ya mawe. Upande wa abiria haukupata hata mkwaruzo. Kiti cha ngozi nyeusi, kama kipya. Kiti cha abiria cha gari la kinyozi springi zilikuwa zimetoka nje na mkewe kila safari alilalamika. Akakiomba kile. Akapewa.

Alipiga magoti, akakaza spana.

Bolti haikusogea.

Akaegemea kwa uzito wote. Haikusogea... na harufu ikapanda kutoka kwenye ngozi. Mafuta ya karafuu, yale wanayopaka jino bovu kabla ya kuling'oa.

Akawasha grenda. Jiwe la kukatia lilipogusa bolti, mkewe alipiga ukelele ndani ya nyumba.

"Jino langu! Mungu wangu, jino langu!"

Kinyozi akazima. Kilio kikakatika. Akajaribu tena, sekunde moja tu.

"Jamani, nakufa!"

Akaiweka grenda chini kama mtu anayelaza mtoto. Kisha akatoka mbio.

Nyumba ya mwenyekiti ilikuwa mtaa wa tatu. Alimkuta mzee anapanga mafaili ya chama kwa rangi, ingawa chama kizima kilikuwa na watu tisa.

"Mzee, kile kiti..."

"Kimeharibika?"

"Kinamchukua mke wangu. Kila jioni."

Mwenyekiti hakucheka. Hilo ndilo lililomtia kinyozi baridi. Mzee alivuta faili la kijani na kulifungua pasipo kutafuta ukurasa, kama mtu aliyekwisha kuufungua mara nyingi.

"Unaujua utaratibu," alinong'ona. "Kabla ya bolti ya kwanza, mtu anaingia ndani ya gari la marehemu, anafunga mlango, anamwomba kifaa kimoja kimoja kwa jina. Anasubiri. Kukiwa kimya, ameridhia." Akaweka kidole kwenye mstari. "Hapa imeandikwa: marehemu aliulizwa, hakuwa na pingamizi."

"Nani alimuuliza?"

Mwenyekiti akanyoosha kona ya ukurasa.

"Mzee, nani aliingia ndani ya gari?"

"Mvua ilikuwa inanyesha, kaka. Muhtasari niliuandika nyumbani. Siku moja kabla. Kuokoa muda."

"Hukumuuliza."

"Miaka thelathini na mmoja masjala! Ukingoja kila mtu ajibu, faili halifungwi."

"Na hao wengine? Aliyechukua milango? Aliyechukua taa?"

"Hawajalalamika kwa maandishi." Mzee alifunga faili. "Wala simu hawapokei."

Kinyozi alihesabu jioni kwa vidole.

"Kutoka nyumbani kwa daktari mpaka ile kona, ni kilomita ngapi?"

"Arobaini na nne. Nilizipima mwenyewe, kwa ajili ya taarifa."

Kumi na moja, jioni tatu. Leo ilikuwa ya nne.

"Kimbia," mwenyekiti alisema. "Kamuulize. Hata kwa kuchelewa. Kwa adabu..."

Aliporudi, ukutani palibaki wekundu kidogo tu wa jua. Taa ya dashibodi ilikuwa inawaka. Betri ilikuwa juu ya rafu, imefungwa kwenye gazeti.

Mkewe alikuwa ndani.

Vioo vimepandishwa, lakini nywele zake zilikuwa zinapeperuka. Ilisikika sauti ya matairi kwenye lami yenye maji. Shhhhh... Gia ikabadilishwa. Shhhhhhh...

Milango haikufunguka. Kinyozi aliweka viganja kwenye kioo.

"Daktari. Ni mimi, kinyozi wako. Naomba kiti. Nimechelewa kuomba, najua... naomba kiti, tafadhali."

Mkewe aligeuza uso taratibu, macho nusu wazi.

"Anasema sauti yako anaijua."

"Mwambie anirudishie mke wangu."

"Anasema kiti hiki alikupa wewe. Siku ile mchana. Alikupigia simu mkazunguke wawili, ukasema una wateja wamejaa."

Hakukuwa na mteja hata mmoja. Alikuwa anasoma gazeti, miguu juu ya kiti cha kunyolea, na joto lilikuwa kali. Hakuwahi kumwambia mtu. Hata mkewe.

"Basi anichukue mimi!" alipiga kioo. "Mshushe yeye, nipande mimi! Daktari!"

Mkewe alisikiliza upande wa dereva, kichwa kimeinama, kama anavyomsikiliza mteja anayeeleza mshono.

"Anasema abiria ameshapata."

Namba ziligeuka. Tangu ile fomu, zilikuwa zimefika arobaini na mbili.

Alichukua spana akapiga kioo. Kililia kama kengele, hakikupata hata ufa. Akapiga tena. Tena.

Arobaini na tatu.

"Baba watoto?"

Sauti yake mwenyewe sasa. Macho wazi kabisa. Ameamka.

"Baba watoto, mbona anakimbiza hivi? Mwambie apunguze..."

Mkono wake ukawa unapapasa kufuli la mkanda. Unapapasa. Unapapasa.

Arobaini na nne.

Stendi hazikutikisika. Turubai halikusogea. Kioo cha mbele tu kilifunguka ua jeupe la nyufa, kwa ndani, na sauti ya matairi ikakatika.

Kisha mlango wa abiria ukafunguka wenyewe. Polepole.

Daktari wa hospitali alisema shingo imevunjika, na alama ya mkanda kifuani ni ya ajali ya kasi kubwa. Hakuweza kuandika chanzo cha kifo bila fomu ya trafiki. Kwa hiyo trafiki akaja, amevaa viatu vinavyong'aa, na fomu yenye maswali ishirini na sita. Hakuna hata moja lililouliza kama gari lina injini.

"Mwendo?"

"Halina magurudumu, afande."

"Hilo naliona, mzee wangu. Mimi nauliza mwendo."

Trafiki akaandika: kasi.

"Abiria, mmoja, amefariki. Pole sana. Dereva?"

"Hakukuwa na dereva."

Trafiki alifungua mlango wa upande ule, akamulika tochi. Alikaa ameinama muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Aliponyooka, hakumtazama kinyozi usoni. Akaandika haraka, akisoma kwa sauti ya chini ili yaishe:

"Dereva alitoroka eneo la tukio. Tukimpata tutakuita umtambue."

Visanduku vyote vilikuwa vimejaa. Akakunja fomu na kuondoka karibu mbio.

Kinyozi alibaki na mlango wazi. Kwenye zulia la dereva palikuwa na alama mbili za viatu vya mtu mwenye miguu mirefu. Tope bichi, linang'aa.

Akashusha macho kwenye sakafu ya banda, kavu, yenye vumbi. Akaikagua mpaka ukutani.

Hakukuwa na unyayo wa tope hata mmoja uliotoka.