Nilipunguziwa Bei, Kumbe Aliyepunguzwa ni Binti Yangu

Nina miaka arobaini na saba. Nimezaliwa Mombasa kwa wazazi wa Kisomali, nimeolewa mara moja, nimeachika mara moja, na imetosha. Nina duka la nguo za kike hapa Birmingham, Sparkbrook, kwenye Barabara ya Ladypool: madira, mabaibui, mitandio. Nina binti mmoja tu, Sagal. Hata nikihesabu mara mbili ni mmoja... na huyo mmoja nusura nimpoteze kwa ujanja wangu mwenyewe!

Naandika haya nikiwa nimesimama kwenye kaunta, maana kukaa siwezi. Tangu mambo haya yatokee nimekuwa mtu wa kwenda na kurudi. Nafunga duka, nafika kona, narudi kutazama kama nimelifunga. Natazama tena.

Wenzangu, kwanza mnijue mimi ni mtu wa namna gani. Mteja hanishindi. Akishika dira zuri akalilia bei mpaka masikio yakaniuma, sibishani naye. Namwambia, "Haya dada yangu, kwa sababu ni wewe." Halafu nainama chini ya kaunta, namfungia jingine: rangi ile ile, maua yale yale, lebo ile ile. Kitambaa tu ndicho si kile. Anaondoka akicheka, nami nacheka. Sikuona ni dhambi, niliona ni biashara! Mambo hayo nilijifunza dukani kwa marehemu mama, Mombasa, na nikamfundisha mdogo wangu Hodan. Likumbukeni hilo.

Sasa Sagal. Mtoto huyu alianza kupiga mpira akiwa hajaweza kufunga kamba za viatu. Akiwa na miaka kumi na nne, alichaguliwa na kituo cha wasichana cha klabu moja kubwa, ambayo sitaitaja. Jioni tatu kwa wiki alipanda mabasi mawili mpaka Perry Barr kufanya mazoezi. Na hawakututoza hata senti! Jezi bure, soksi bure, kocha bure.

Mwingine angeshukuru. Mimi nilianza kushuku. Kitu cha bure sijawahi kukiamini maishani. Nilijiuliza, kama wanaona mwanangu ana thamani, mbona hawadai chochote?

Nikiwa na wasiwasi huo, Hodan akapiga simu kutoka Marekani, Minnesota, anakoishi na mumewe na mapacha wao wa miaka miwili. "Dada, unakaa huko unafanya nini?" akaniambia. "Huku msichana akijua mpira anasomeshwa chuo kikuu bila kulipa! Na hapa karibu na kwangu kuna klabu iko ligi ya taifa."

Ligi ya taifa... chuo kikuu... Nilisikia maneno hayo mawili, masikio yakajifunga. Pasipoti ya Marekani Sagal alikuwa nayo, maana alizaliwa kule, zamani zile nilipokaa Minnesota miaka miwili nikifungasha nyama ya bata mzinga kiwandani. Niliiona kama bahati iliyolala sandukuni ikisubiri niiamshe.

Hodan akaniunganisha na kocha wa klabu kwa simu ya video. Kijana mwenye kofia, meno meupe, mwenye adabu. Akaanza kunieleza mambo ya ngazi na njia, timu hii na timu ile, ligi hii na ligi ile. Nikamkatiza. Nikamuuliza bei.

Alipoitaja nikakohoa. Halafu nikaingia kazini! Nikamwambia mimi ni mama peke yangu. Nikamtajia nauli ya ndege. Nikamwambia mtoto wangu atawaletea sifa mpaka wao ndio wanilipe. Maskini, Mmarekani yule hakuwahi kuona kitu kama hicho. Kwao bei ikishaandikwa, watu huilipa. Mwisho akafuta uso akasema, "Ngoja nione ninachoweza kufanya."

Siku tatu baadaye Hodan akapiga. Nusu bei! Klabu ile ile, jezi ile ile, nembo ile ile. "Sahihi nimeshaweka mimi," akasema, "maana huku mimi ndiye mlezi wake."

Nilicheza dukani peke yangu. Nikavuka barabara kumwambia Bi Mwanaisha, Mzanzibari muuza viungo, jirani yangu wa miaka mingi. Akanitazama juu ya miwani. "Mama Sagal, wewe hata kaburi utaomba upunguziwe."

Aliyekuwa hachezi ni Sagal. Watoto wetu wa huku mnawajua, Kiswahili anakisikia chote lakini anajibu kwa Kiingereza. Siku ile hata Kiingereza chenyewe kilikuwa kidogo. "Hooyo," akaniambia, yaani mama, "hapa wananitaka."

Nikamjibu, "Hapa wanakutaka bure."

Akanyamaza. Ole wangu! Kimya kile nilikihesabu kuwa ni kukubali.

Kocha wa Perry Barr, mama mmoja wa makamo, alinionya kwa upole kwamba akiondoka, nafasi yake haiwezi kuhifadhiwa. Wapo wasichana wanaosubiri. Mimi mwenyewe niliandika ujumbe wa kuiachia ile nafasi. Kwa kidole hiki hiki.

Mwezi wa nane akasafiri, amefikisha miaka kumi na tano. Picha ya kwanza aliyotuma amevaa jezi yenye nembo. Niliibandika ukutani dukani, juu ya mitandio. Kila mteja aliyeingia alipata hotuba kabla ya kupata bei.

Lakini simu zake zikaanza kuwa fupi. Mpira vipi? Sawa. Umecheza dakika ngapi? Zote. Nikafurahi, dakika zote! Sikujiuliza ni timu gani ya ligi ya taifa ambayo mtoto aliyefika juzi anacheza dakika zote. Mimi, mtu wa kuhesabu kila kitu mara mbili...

Mwezi wa kumi nikaona klabu imetangaza kuwa mechi ya wasichana wa umri wake itaonyeshwa moja kwa moja mtandaoni. Kule ilikuwa Jumamosi asubuhi, huku mchana, duka limejaa. Nikaegemeza simu kwenye bunda la kitambaa, nikamwita Bi Mwanaisha, wateja nao wakasogea.

Nikawahesabu walio uwanjani. Kumi na mmoja. Nikahesabu benchi. Saba. Sagal hucheza na kitambaa cheusi kichwani, huwezi kumkosa. Nikahesabu tena. Kumi na mmoja, saba. Hayupo!

"Labda yuko msalani," akasema Bi Mwanaisha.

"Dakika arobaini yuko msalani?"

Nikampigia Hodan, hakupokea. Nikampigia Sagal. Akapokea! Nyuma yake pacha mmoja analia, mwingine anagonga kijiko. Alikuwa jikoni kwa Hodan, anawalisha uji.

"Mbona hupo uwanjani?" nikapiga kelele, wateja wote wananitazama.

"Uwanja upi, hooyo?"

Nikamwambia, huu hapa, nauona! Akanieleza polepole, kama mtu anayemweleza mtoto, yale ambayo yule kocha alitaka kunieleza nami nikamkatiza.

Klabu ni moja, lakini kwa umri wake peke yake ina timu nne, na zinaitwa kwa rangi. Timu ya Bluu ndiyo inayocheza ligi ya taifa, na makocha wa vyuo vikuu huja na madaftari yao kuitazama. Nyeupe inazunguka majimbo ya jirani. Nyekundu inabaki ndani ya jimbo. Ya mwisho ni Kijivu. Kijivu inacheza na vitongoji vya karibu, kwenye uwanja ulio nyuma ya shule. "Golikipa wetu anadaka na simu mfukoni," akasema. Tena si klabu hiyo tu. Kule ligi ni nyingi, na kila moja inajiita ya juu, mpaka wazazi wa huko huko wanachanganyikiwa.

"Na wewe uko ipi?" nikamuuliza, ingawa nilishajua.

"Kijivu. Jezi ni moja, hooyo. Ile ile."

Rangi ile ile, lebo ile ile! Kocha hakunipunguzia bei. Aliinama chini ya kaunta!

Nikamuuliza alijua lini. Wiki ya kwanza, akasema. Mbona hukuniambia, mwanangu, mbona?

"Ulikuwa na furaha sana na ile bei."

Wasomaji, nimewahi kutukanwa na mume, na wakwe, na wateja. Hakuna neno lililowahi kunichoma kama hilo, na lilisemwa bila hasira.

Hodan nilimpata kesho yake. Nilimuuliza kama alijua. Akasema alijua, kocha alimweleza kila kitu kabla hajaweka sahihi. Nikamwambia umenisaliti, tumelala tumbo moja! Akanijibu, "Dada, si ulitaka bei? Nilikupatia bei. Ya chini ya kaunta nani alinifundisha?"

Nikakata simu.

Ukweli mwingine ulitoka kidogo kidogo. Hodan alikuwa amerudi kazini na hakuwa na wa kumwachia mapacha. Na kule hakuna basi la kukufikisha uwanjani. Huna gari, huna mpira. Mazoezi yalikuwa siku mbili kwa wiki, na Sagal alifika pale tu ambapo shemeji alikuwa hana zamu. Mwezi wa kumi na moja nafasi ilipatikana timu ya Nyeupe, akaitwa kujaribiwa saa kumi na moja jioni. Akakaa barazani amevaa viatu, begi mapajani. Shemeji alirudi saa kumi na mbili unusu. Walipofika wasichana walikuwa wanakusanya koni za mazoezi.

Baada ya hapo hakuomba tena kupelekwa.

Mwezi wa kwanza nikamrudisha. Uwanja wa ndege alinikumbatia kwa mkono mmoja, mwingine umeshika begi. Nikamwambia usijali, nitaongea na Perry Barr. Kuongea si ndiyo kazi yangu?

Nilikwenda na mahamri sanduku zima. Nikaanza na yule kocha wa makamo: hata mara moja kwa wiki, hata akae benchi, hata aokote mipira... Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia nafasi ilishajazwa, Sagal asubiri majaribio ya rika la juu kiangazi. Nikaendelea kubembeleza. Akanishika mkono.

"Mama, hapa hatuuzi. Sina cha kukupunguzia."

Mahamri akaniachia nirudi nayo. Nilitembea kutoka pale mpaka nyumbani, mwendo wa saa mbili, sikupanda basi. Miguu ilikataa kusimama kituoni.

Kiangazi alijaribiwa. Nilisimama nje ya uzio. Wenzake walikuwa wamecheza mwaka mzima na walio bora kuliko wao. Yeye alikuwa amecheza na golikipa mwenye simu mfukoni. Mpira ulimfikia, na alipoinua kichwa kuamua, walishamnyang'anya. Mara moja, mara mbili... ya tatu niligeuka. Alitoka na begi lake akasema, "Twende." Kwenye basi kulikuwa na viti viwili wazi pamoja. Akakaa cha mbele, peke yake.

Nimejiuliza sana, je, angebaki angefika mbali? Labda asingefika! Wengi huachwa. Lakini angeachwa kwa miguu yake mwenyewe, si kwa mdomo wangu.

Hodan tunasalimiana Idi. Zaidi ya hapo bado.

Dukani kuna nilichobadilisha. Juzi dada mmoja alilia bei ya dira mpaka mikono ikaanza yenyewe kushuka chini ya kaunta. Nikaisimamisha. Nikayatoa yote mawili, nikayalaza mbele yake, nikamwambia, "Shika hili, halafu shika hili. Kwa bei yako ni hili." Akashika. Akaniita mwizi kwa miaka yote iliyopita, akaondoka bila kununua. Bi Mwanaisha anasema nitafilisika kwa uaminifu. Huenda.

Wazazi wenzangu, nawasihi... Mkiambiwa ligi ya taifa, Marekani au popote, msiulize bei kwanza kama mimi. Ulizeni mtoto atacheza timu ipi katika hizo zilizopo, Jumamosi atakutana na nani, nani atampeleka mazoezini, na akifanya vizuri atapandishwa na nani. Mkipunguziwa, msicheze. Ulizeni kimepunguzwa nini! Na kabla ya hayo yote, muulizeni mtoto mwenyewe, kisha msubiri ajibu, hata kimya kikiwa kirefu.

Sagal sasa ana miaka kumi na sita. Amepata timu ya wasichana ya mtaani, inayocheza Jumapili kwenye bustani ya umma karibu na nyumbani. Ligi yake ni ya ngazi gani sijui, na mara hii sijauliza. Kwa miezi mitatu hakutaka nifike. Jana, akiwa anapaka mkate siagi, akasema bila kunitazama kwamba nikitaka naweza kuja, ila nisimame upande wa pili wa uwanja, na nisiongee na kocha.

Sikubishana hata kidogo. Jumapili nitasimama upande wa pili. Nitawahesabu kumi na mmoja, kisha nitawahesabu tena, nihakikishe yumo.