Kiti cha Nyuma cha Sarolea

Springi za kiti cha nyuma zilikuwa zimebonyea.

Dismasi alisimama mlangoni mwa karakana na kikombe chake cha chai, akaziangalia. Ilikuwa Jumamosi, saa moja na nusu asubuhi, na jua la Rusimbi, mjini Kigoma, lilikwisha kupenya kwenye matundu ya mabati. Pikipiki ilikuwa juu ya stendi katikati ya sakafu, kama alivyoiacha jana jioni, inang'aa. Kiti cha mbele kilikuwa kimetulia. Kile cha nyuma, alichokifunga jana kwa mikono yake, kilikuwa kimeshuka hadi mwisho, kama kimekaliwa na mtu mzito.

Akakisukuma juu kwa kiganja. Hakikupanda. Akaweka kikombe chini, akakishika kwa mikono miwili na kukivuta, ndipo kikaruka kwa mlio mwembamba, na papo hapo mlango wa karakana ukajigonga ukutani bila upepo wowote.

"Springi mbovu," alijisemea. Lakini springi zile alizichagua mwenyewe, na alijua si mbovu.

Dismasi alikuwa Mha wa Kasulu, fundi wa pampu za maji za serikali, mtu wa makamo asiye na maneno mengi. Watoto walikwisha kukua na kuondoka. Nyumbani alibaki na mkewe Eufrasia, mwalimu wa darasa la tatu huko Gungu. Ugonjwa wa Dismasi ulikuwa mmoja: pikipiki za zamani. Alikwisha kufufua mbili za wamisheni na moja ya mfanyabiashara wa Ujiji, na kila moja aliirudisha kama ilivyotoka kiwandani. Tundu lisilo na bolti lilimkera kama jino bovu.

Hii ya sasa, Sarolea ya Kibelgiji, ilivuka ziwa Novemba iliyopita, mwaka tisini na sita, wakati mitumbwi kutoka Kongo ilipokuwa ikitua Kibirizi mchana na usiku, na watu wakishuka na magodoro, mbuzi na masufuria. Mzee mmoja wa kabila la Wabembe, jina lake Bonifasi, alishuka na pikipiki isiyo na matairi, imeliwa na kutu. Dismasi, aliyekuwa pale akifunga bomba la maji ya wakimbizi, alishindwa kuyabandua macho. Mzee akamwona.

"Fundi, uichukue," alisema. "Mimi sasa minapandishwa lori, minaenda kambini. Itengeneze yote. Lakini kiti ya nyuma, usirudishe. Utaona matundu yake iko pale ine. Uache matundu."

"Kwa nini, mzee?"

Lori lilikuwa linapiga honi. Mzee alitikisa kichwa tu, akapanda.

Miezi kumi Dismasi aliisugua kwa msasa, akaosha kabureta kwa mafuta ya taa, akanyoosha spoki moja moja. Na kila jioni macho yake yaliishia kwenye yale matundu manne juu ya madigadi ya nyuma. Mwishowe hakuweza kuvumilia. Alitengeneza fremu ya kiti, akaipeleka ngozi kwa Mwinshehe, mshonaji wa sokoni Mwanga, mtu mfupi wa Ujiji asiyeondoa futi ya kupimia shingoni. Mwinshehe alivunja sindano tatu kwenye ngozi ile.

"Bwana Dismasi, hiki kiti anakalia nani?" aliuliza.

"Mke wangu. Nani tena?"

Mwinshehe alimaliza kushona, akanawa mikono.

Jumapili, siku moja baada ya springi kubonyea, Dismasi alimpakia Eufrasia waende kanisani. Injini ilinguruma vizuri mpaka kwenye mlima wa Mwanga, ndipo ikaanza kulemewa, ikihema kama imebeba watu watatu.

"Sogea mbele kidogo," Eufrasia alimwambia sikioni. "Tumebanana."

"Mbona mimi niko kwenye kiti changu?"

Mke aliitazama mikono yake. Kisha, kwa sauti ya chini sana, "Dismasi. Mikono yangu yote miwili iko mabegani mwako, sivyo?"

"Ndiyo."

"Basi nani amenishika kiuno?"

Alifunga breki. Waligeuka wote wawili. Nyuma yao kulikuwa na barabara tupu na vumbi lao wenyewe, na harufu iliyowajia bila upepo, harufu ya makuti yaliyoungua kisha yakanyeshewa mvua. Safari iliyobaki walitembea kwa miguu, Dismasi akiikokota pikipiki, na ilikuwa nzito.

Kanisani Eufrasia hakuketi. Misa nzima alisimama, hata wakati wa mahubiri, na aliporudi nyumbani alikula amesimama, sahani mkononi. Dismasi alimvutia kiti. Aliinama kukikalia, akanyooka tena kama amechomwa.

"Siwezi," alisema, akicheka kidogo kwa woga. "Nikitaka kukaa, moyo unaniambia nimechelewa."

"Umechelewa wapi?"

"Sijui."

Kutoka hapo nyumba ile haikutulia. Eufrasia alizunguka sebuleni, jikoni, uani, akarudi sebuleni. Kuku aliyekuwa akiatamia aliyaacha mayai, akawa anatembea kando ya ukuta huku na huku. Jirani yao Agnesi, mwanika dagaa, alikuja kusalimu, "Mwakeye!", akakaribishwa kiti, akakaa kwa muda wa kumeza mate mara mbili tu, kisha akasimama akasema ana haraka, na alipofika njiani akasita, kwa kuwa hakuwa na haraka yoyote. Dismasi mwenyewe, kitandani, alihisi miguu yake inamdai atembee.

Jumatatu Eufrasia alikwenda shuleni. Dismasi aliomba ruhusa kazini, na saa saba mchana, jua likiwa kichwani, aliingia karakana na spana namba kumi na nne. Alikuwa amekwisha kukata shauri. Kiti kitatoka.

Bolti ya kwanza haikugeuka. Alitia oili, akangoja, akajaribu tena kwa uzito wa mwili wote, na spana ikateleza ikamchuna vidole. Alipokuwa anavinyonya, kiti kikashuka. Kilishuka polepole, springi zikilia moja baada ya nyingine, mpaka mwisho. Kisha gurudumu la nyuma, lililoning'inia hewani kwa sababu ya stendi, likaanza kuzunguka, taratibu mwanzoni, kama linalosukumwa na kidole cha mtoto, kisha kwa mwendo wa mtu anayetembea, kisha kwa mwendo wa mtu anayekwenda haraka asiyetaka kuonekana anakimbia, na injini ilikuwa baridi, na plagi ilikuwa mezani, alipoiweka mwenyewe asubuhi, na ile harufu ya makuti ya moto yaliyolowa ikajaa karakana mpaka machozi yakamtoka, na Dismasi alitaka kwenda mlangoni lakini akajikuta anaizunguka pikipiki, mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tano, hawezi kusimama, analiangalia gurudumu na gurudumu linazunguka, mpaka ghafla likasimama, na yeye akasimama nalo, ameshika spana, jasho likimdondoka.

Saa nzima ilipita ndipo Agnesi alipoingia uani amemshika Eufrasia mkono. Wote wawili walikuwa wamelowa.

"Tumemtoa ziwani," Agnesi alinong'ona. "Kibirizi. Saa saba. Nilimwona anapita katikati ya dagaa zetu na chaki mkononi, nikasema, mwalimu, unakwenda wapi? Hakunisikia. Aliingia na viatu vyake. Maji yalifika kifuani, ndipo tukamkamata, wanawake wanne, na alikuwa anatuvuta wote."

Alikuwa ameliacha darasa katikati ya hesabu za kugawanya.

"Eufrasia," Dismasi alimshika uso. "Ulikuwa unakwenda wapi?"

Mkewe alinyoosha mkono upande wa magharibi, kwenye milima ya Kongo iliyoonekana kwa mbali ng'ambo ya ziwa.

"Twende," alisema. "Wametuacha."

Dismasi alikuwa Mkatoliki na hakupenda mambo ya kisomo cha kuondoa pepo. Lakini padri alikuwa safarini vijijini, na kabla jua halijatua Mwinshehe mwenyewe alibisha hodi, na Kurani kwenye mfuko wa plastiki na futi bado shingoni.

"Nimesikia sokoni," alisema. "Tangu nivunje zile sindano sina raha. Kuna kitu nilikishonea makao."

Alichoma ubani, akasoma kwa sauti ya chini. Eufrasia alikuwa anazunguka chumbani. Ubani ulipomfikia alisimama wima mbele ya ukuta, kama aliye mbele ya ubao.

"Wewe ni nani?" Mwinshehe aliuliza.

Jibu lilitoka kwa sauti ileile ya Eufrasia, ya darasani, akisoma kama anayesomea watoto imla.

"Palikuwa na mawe matatu kando ya mto. Mawe matatu, kando ya mto. Watu walipita wakiniogopa. Wakiniogopa. Moto ulikuja, watu wakakimbia wote. Wote. Hakubaki wa kuniogopa. Nikapanda. Nukta."

Agnesi alijifunika mdomo kwa khanga. Mwinshehe alisogeza ubani karibu zaidi.

"Unataka nini?"

"Nyumbani. Nyumbani. Nukta."

Mwinshehe alifunga kitabu. Alimvuta Dismasi nje, wakasimama karibu na pipa la maji, na hata pale walikuwa wanabadilisha miguu.

"Nikichome kile kiti?" Dismasi aliuliza.

"Usithubutu! Amepata pa kukaa. Ukimnyang'anya atatafuta pengine, na pa karibu ni mkeo. Huyu hakuja kwa uchawi wa mtu. Amekimbia kama walivyokimbia wenziwe. Nitasoma kila siku apate kupungua nguvu, lakini kumtoa si kazi yangu. Mtafute aliyemleta."

Siku ya pili yake Dismasi alidandia lori la mahindi mpaka kambi ya Lugufu. Aliuliza hema kwa hema. Mzee Bonifasi alikuwa amesimama nje ya hema lake, amekonda. Aliposikia neno kiti, alifumba macho.

"Siku ile ya moto tulikimbia nayo, muke yangu alikuwa anakaa pale," alisema. "Siku moja alisema anarudi nyumbani, akashuka mu maji, mchana, watu wanaona. Hakurudi. Nikang'oa kiti, nikaitupa."

"Mbona hukuitupa pikipiki nzima?"

"Njo kitu moja tu ilibaki ya kwetu, fundi."

"Na mbona hukuniambia? Mke wangu nusura afe!"

"Kama ningekuambia, ungeipokea?"

Dismasi alijua angeipokea. Alijua hata kwamba angekirudisha kiti, kwa sababu ya yale matundu manne.

"Jina yangu iko kwenye karatasi ya kurudi," mzee alisema. "Vita imeisha kule, wanasema. Meli iko wiki ijayo. Ile kitu ni ya kwetu. Nitairudisha."

Wiki ile ilikuwa ndefu. Walimfunga Eufrasia kwa khanga mguuni, naye akawa anatembea palepale alipo, usiku na mchana, akilia kwa uchovu na kuomba msamaha. Mwinshehe alisoma mpaka sauti ikamkauka.

Siku ya meli, Bonifasi aliletwa mjini mapema na magari ya kambini, akaja Rusimbi kwa miguu. Aliingia karakana peke yake. Dismasi alimsikia akizungumza Kibembe, kwa upole, kama anayemwamsha mtu mzima asimtishe. Kisha bolti zikaanguka sakafuni, nne, moja baada ya nyingine. Mzee alitoka na kiti amekiviringisha kwenye blanketi. Ndani ya nyumba, Eufrasia aliketi chini, palepale sakafuni, akalala kabla kichwa hakijagusa mkeka.

Dismasi alimsindikiza mzee bandarini. Meli ilikuwa imejaa. Sitahani kulikuwa na mabenchi marefu, na familia zimeketi zimebanana, akina mama wananyonyesha, wazee wamejikunyata juu ya mizigo. Watu waliimba. Bonifasi alipanda na blanketi lake kifuani. Mtu mmoja alisogea kumpisha, akamwonyesha nafasi. Mzee alikataa kwa mkono, akasimama kwenye kona karibu na reli, mgongo kwa watu, uso upande wa Kongo.

Kamba zilifunguliwa. Meli ilipokuwa hatua mia hivi kutoka gatini, mwanamke aliyekuwa karibu na mzee alisimama na mtoto wake. Kisha mumewe. Kisha benchi lote. Kuimba kukafifia. Dismasi aliona benchi la pili linainuka, la tatu, wazee wanajiinua kwenye mizigo yao, mpaka sitaha nzima ikawa wima, mamia ya watu, hakuna aliyeketi, wameanza kusogea polepole, wanazungukana, na mabenchi matupu katikati yao.

Pembeni yake kulikuwa na karani wa bandari mwenye redio ya mkononi. Dismasi alifungua mdomo. Aliwaza atasema nini, na kama meli itageuzwa, na kitu kile kitashukia wapi. Akaufunga.

"Wana hamu ya kufika," karani alisema, akitabasamu.

"Ndiyo," Dismasi alisema.

Alipofika nyumbani Eufrasia alikuwa bado amelala. Kuku alikuwa amerudi kwenye mayai. Dismasi alivuta kigoda, akaketi kando ya mkewe, akaketi mpaka giza likaingia, miguu yake imetulia kabisa, akiona haya kwa jinsi alivyokaa vizuri.