Aliyebaki, Twende Nyumbani

Ubao wa bembea ya tatu ulikuwa na joto. Mvua ilinyesha tangu asubuhi, na katika bustani ya watoto hakuingia hata paka. Mlinzi aliugusa tena, akajifuta mkono kwenye suruali, akasingizia uzee.

Watu walimwita Filimbi. Kila jioni alipuliza mara tatu, kisha akazunguka bembea na mitelezo akiita, "Aliyebaki, twende nyumbani." Watoto walicheka, wakakimbilia kwa mama zao. Siku hiyo hapakuwa na wa kuitwa, lakini mazoea yana taabu. Akaita, akafunga geti.

Tangu jioni hiyo nyumbani kwake kukawa na harufu ya kutu na nyasi mbichi, na mlio wa mnyororo: kwii, kwaa. Binti yake wa pekee, Kifaranga, mwenye miaka mitano, akaacha kula. Akawa analala ukingoni mwa kitanda.

"Nampisha mwenzangu," alinong'ona.

Filimbi aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa. Akaenda kwa shangazi ya mkewe, mganga.

"Umemkaribisha jini kwa kinywa chako," shangazi alisema. "Basi mwite vilevile mlangoni, mpakie kwenye baiskeli, umrudishe. Usigeuke nyuma, mwanangu. Atalia kwa sauti ya mtu wako. Usigeuke."

Kesho yake jioni mkewe alikuwa jikoni. Filimbi alichungulia chumbani: shuka ya Kifaranga imeinuka, inapumua taratibu. Afadhali amelala, akawaza. Akaishika baiskeli mlangoni, akaipa nyumba mgongo.

"Aliyebaki, twende nyumbani."

Keria ya nyuma ikalemewa. Akakanyaga pedali bila kugeuka, vidole vidogo vikimshika shati kiunoni, vidole vyenye joto, na njia nzima akajisomea dua na kujiambia kwamba jini ni mjanja, anajua kuigiza hata joto la mtoto, hata ile tabia ya Kifaranga ya kuegemeza shavu mgongoni mwa baba yake.

Akaingia hadi kwenye bembea ya tatu.

"Shuka. Kwenu ni hapa."

"Baba, mbona unaniacha?"

Machozi yalimtoka, lakini hakugeuka. Akatoka, akafunga geti kwa kufuli, na kilio kikabaki ndani.

Alifika nyumbani mwepesi kama mtu aliyetua mzigo. Mkewe alikuwa mlangoni, mikono ina unga.

"Kifaranga yuko wapi?"

"Si amelala?"

"Alale saa ngapi? Alikuwa nami jikoni. Ulipoita akatoka mbio, akapanda baiskeli yako. Nilimwona kwa macho yangu."

Ufunguo ulimponyoka Filimbi. Chumbani mnyororo ukalia, kwii, kwaa, na sauti ndogo ikasema kwa upole:

"Funga mlango, Baba. Hakuna aliyebaki."