Senene Nje ya Kioo

Darasamaji, mashine ya kufundishia watoto, lilikuwa likitembea kwa miguu yake sita chini ya ziwa, na ndani ya tumbo lake la kioo familia za likizo ya masomo zilikunywa uji huku sato wakipita na kuzichungulia. Mtoto akinyoosha kidole tu, mashine ilimjibu kabla hajamaliza kuuliza: huyu ni samaki gani, anakula nini, anapumuaje. Watoto walikuwa wamenogewa kweli kweli.

Mhandisi Kemilembe, aliyeiunda, alipaswa kuvimba kichwa. Badala yake alikuwa na kijiba cha roho. Alikuja likizo kwao Bukoba apate muda na binti yake Asimwe, wa miaka minane, na tangu wafike mtoto hajamuuliza swali hata moja. Amuulize nini, wakati majibu yote yako kwenye kioo? Kemilembe aliionea wivu mashine yake mwenyewe, na aliona haya kumwambia mtu.

Asubuhi hiyo Darasamaji lilipopanda nchi kavu, majani yote ya ufukweni yalikuwa yakichezacheza.

"Senene!" Rwegoshora, mume wake, alipiga ukelele na kumwaga uji. Wazazi wakakimbilia mlangoni na ndoo, sufuria, hata kofia. Mlango ukajifunga.

"Tahadhari," Darasamaji lilisema kwa upole. "Wadudu wamevamia. Ninawalinda watoto. Senene ni mdudu anayefanana na panzi..."

"Linatufundisha senene!" Rwegoshora alifoka. "Sisi tuliowala tangu utotoni! Mama Asimwe, nani kaliwekea sheria hii?"

Kemilembe alitamani ardhi immeze. Sheria aliiandika yeye, ofisini Dodoma: wadudu wakija kwa wingi, funga. Mtu mzima wa Bukoba, kusahau senene! Njia ya kufungua ilikuwa moja tu, kulizima kabisa, na likizimwa haliamki mpaka likizo iishe. Watoto wangelia, na Asimwe pengine asingemsamehe. Alimtazama binti yake, aliyebandika pua kwenye kioo akitazama nje. Akavuta swichi.

Sauti ikakatika, mlango ukalegea. Walitawanyika kwenye umande, wakubwa kwa wadogo, wakigongana vichwa. Kemilembe, gauni limelowa hadi magotini, aliwanyakua senene kwa mikono miwili kama bibi yake alivyomfunza: unamnyemelea kwa nyuma, kisha unamdaka. Asimwe alikuja akachuchumaa kando yake, akawa anaangalia vidole vya mama vikinyofoa mabawa.

"Mama, mbona unayatoa?"

"Yanakwama kooni. Na ukiwakaanga huweki mafuta, wana mafuta yao wenyewe."

"Na hawa wa kahawia?"

"Wanaliwa. Tena mimi ndio nawapenda zaidi."

Asimwe alimkodolea macho. "Mama! Kumbe na wewe unajua vitu?"

Kemilembe alicheka hadi senene wakamponyoka, kisha machozi yakamtoka, na hakuyafuta.