Hodi Kutoka Tumboni mwa Ngurumo

Sindano aliyajua madirisha ya Ngurumo kama mama anavyoyajua meno ya mwanawe. Yalikuwa elfu nne mia moja na kumi na mawili, na yote aliyatoboa yeye mwenyewe kwa sindano iliyochomekwa kwenye kizibo cha chupa, ndiyo maana siku hizi hata baba yake hakumwita kwa jina lingine. Kwa hiyo asubuhi ile alipoinua shuka la kuzuia vumbi na kuona dirisha moja linawaka chini kabisa ya tumbo la meli, mahali ambapo hakuwahi kupeleka sindano, hakujiuliza kama amesahau. Alitazama waya wa umeme. Ulikuwa umechomolewa ukutani na kuning'inizwa kwenye msumari wake.

Aliinama akaweka kidole juu ya lile dirisha. Lilikuwa na joto, kama pua ya mnyama. Harufu iliyotoka humo ilikuwa ya chumba alimolala mgonjwa siku nyingi, ikichanganyika na nywele zilizoungua.

Ngurumo haikuwa meli ya majini. Kwenye televisheni ilikuwa na urefu wa kilomita tisa, ikielea kati ya nyota na askari elfu thelathini tumboni. Kwenye karakana ya Baba, nyuma ya nyumba, ilikuwa na urefu wa mita nne, mbao na plastiki, ikikaa juu ya vigogo viwili. Baba ndiye aliyeichora. Mara ya kwanza aliichora laini kama kijiko, na watu wa televisheni wakacheka, wakasema hilo ni basi lisilo na magurudumu. Baba alirudi nyumbani kanuna, na siku ya tatu akaja na neno moja ambalo tangu hapo likawa sheria ya karakana: kitu hakionekani kikubwa kwa ukubwa wake, kinaonekana kikubwa kwa udogo wa madirisha yake. Wakaibandika kila aina ya takataka, meno ya vitana, vifuniko vya kalamu, matumbo ya saa mbovu. Mizinga yake, arobaini kila ubavu, ilikuwa njiti za miavuli zilizonolewa ncha. Na Sindano akapewa madirisha.

Ikawapata watu kama homa. Vinyozi walichora Ngurumo kwenye vichwa vya vijana. Mabasi yalipakwa rangi yake ya kijivu. Mtu akitembea kwa maringo, waliambiana, "Mpisheni, Ngurumo inapita." Ilipopigwa na adui kwenye sehemu ya ishirini na kuwaka moto, wanawake wazima walilia sebuleni kwao, na mwalimu mmoja alisimamisha somo darasa zima lilipokataa kuongea kitu kingine. Sasa kiwanda kilikuwa kimeomba vitoto vyake, midoli ya plastiki ya kuuzwa madukani, na wiki nzima Mjomba alikuwa akiandaa kalibu, yaani umbo la plasta la kunakili meli, ambalo kiwanda kingelipunguza na kumimina plastiki ndani yake.

Mjomba, ndugu wa marehemu mama yake Sindano, alikuwa fundi wa mbao na kichekesho cha mtaa. Ulimi wake haukuwahi kukubaliana na *r* na *l*, kila moja aliiweka mahali pa mwenzake. Kwenye harusi ya jirani aliwaambia wageni wakae chini wakure, na mzee mmoja akauliza sanduku la kura liko wapi. Mlangoni alikuwa na namna yake ya kubisha: mbili za haraka, kimya, halafu moja. Watoto walikimbia kumfungulia kabla hajasema neno.

Sindano alikuwa bado ameinama pale aliposikia hodi. Ngo, ngo, ngo. Haikutoka mlangoni. Ilitoka ndani ya meli, kwenye mbao alizoegemea, na ilimpita mkononi mpaka begani. Mjomba alikuwa kona ya pili, amempa mgongo, mikono yote imejaa gundi. Alidhani ni Dada, dada mkubwa wa Sindano, aliyetumwa ndani ya nyumba kuchukua ile kalibu.

"Karibu?" aliuliza bila kugeuka, akimaanisha kalibu, umeileta.

Joto likatoka chini ya kidole cha Sindano. Lile dirisha likazimika. Kitu kilipita kati ya miguu yake kama upepo wa mlango uliofunguliwa, na vumbi la mbao sakafuni likajigawa pande mbili.

Hakumwambia mtu. Angesema nini? Dada alikuja na kalibu, Mjomba akaipaka mafuta, akaibana tumboni mwa meli mpaka plasta ikanywea kila tundu. Kufika saa nne dereva wa kiwanda alikuwa ameshaichukua.

Saa sita mchana alikuja mpiga picha, mtu mnene mpole aliyependa kuimba puani. Wakafunika madirisha ya karakana kwa vitambaa vyeusi kama kawaida, wakafunga mlango kwa komeo ili mwanga usiingie, wakawasha taa za meli. Nje jua lilikuwa la utosi. Ndani palikuwa giza la kaburi, na katikati yake Ngurumo ikielea na madirisha yake elfu nne.

"Fundi," mpiga picha alisema, jicho kwenye kamera, "umeiwekea mota lini hiyo mizinga?"

"Mota gani?" Baba aliuliza.

"Si hii inageuka."

Njiti zote arobaini za ubavu ule zilikuwa zikigeuka pamoja, polepole, kwa mlio kama wa meno yanayosagwa, na mpiga picha alikuwa bado anatabasamu njiti ya kwanza ilipopita kwenye kioo cha kamera na kutokea kisogoni mwake, na ya pili ikamshona mkono kifuani, na ya tatu ikaingia kooni pale wimbo wake ulipokuwa ukitokea, akapiga hatua mbili kuelekea mlangoni kama mtu aliyekumbuka safari, akaanguka na waya wa kamera umemzunguka miguu. Damu yake ilitoka kwa vishindo. Sindano aliisikia ikigonga kopo la rangi lililokuwa wazi karibu naye.

Baba alikimbilia komeo. Likamuunguza viganja vyote viwili, likakataa kutoka. Mjomba alichukua shoka la kupasulia magogo, akalinyanyua juu ya pua ya meli na kulishusha kwa nguvu zake zote. Kichwa cha shoka kilichomoka kwenye mpini kabla ya kugusa mbao. Kikasimama hewani. Sindano alikiona kikisimama, akaona mwanga wa madirisha kwenye makali yake, halafu kikarudi kilikotoka na kumpiga Mjomba mdomoni, na ule ulimi uliokuwa ukichekesha mtaa mzima ukaanguka sakafuni pamoja na meno yake ya mbele, kwenye vumbi la mbao alizoziranda mwenyewe asubuhi.

Ndipo Dada akacheka.

Alikuwa amesimama upande wa nyuma ya meli na brashi yake ya rangi, na hakuwa amepiga hata kelele moja tangu mwanzo. Macho yake yalikuwa yamegeuka kijivu. Sauti iliyomtoka ilikuwa ya watu wengi wanaoongea kwenye chumba cha jirani.

"Mmenikaribisha," ilisema. "Nyumba nzuri. Vyumba elfu nne na hakuna mtu hata mmoja. Basi nitaijaza."

Aliokota patasi ya Baba. Baba alimkimbilia akimwita mwanangu, mwanangu, na Dada akamchoma patasi begani bila kumtazama, akaichomoa, akaanza kujichanja mkono wake mwenyewe, taratibu, kama mtu anayekata kitambaa kwa kufuata mstari. Alichovya brashi kwenye damu. Alipaka dirisha moja, nalo likawaka jekundu. Akapaka la pili. Likawaka. Kutoka ndani ya kila dirisha jekundu Sindano alisikia pumzi, moja, mbili, kumi, na alijua bila kuambiwa kwamba damu ya mtu mmoja haiwezi kutosha madirisha elfu nne, na kwamba Dada angepaka mpaka tone la mwisho, na baada yake angefuata Baba, na baada ya Baba yeye, na baada yao mtaa.

Alimrukia. Alimshika mkono wenye patasi kwa mikono yake yote miwili, na mkono ule ukamrusha ukutani kama nguo mbichi. Aliporudi, kidole chake kimoja kilikuwa kimekatika mpaka mfupa, na Dada alikuwa safu ya tatu.

Mlango ukapasuka. Aliyeingia alikuwa Mama Viatu, fundi viatu wa ng'ambo ya barabara, mwanamke mfupi aliyejulikana kwa kazi mbili: kushona soli, na kutuliza watu waliopandwa na majini. Mkononi alikuwa na nyundo ya kazini. Mama Viatu hakuwahi kuingia kwa mtu bila hodi maisha yake yote. Leo hakubisha.

Alimtazama maiti, akamtazama Dada, akaivuta ile harufu puani.

"Nani kamkaribisha huyu?" aliuliza kwa sauti ya chini.

Baba alisema hakuna, hakuna mtu kamkaribisha. Sindano akamwambia. Alimweleza dirisha, hodi, na Mjomba kuulizia kalibu.

"Alisema karibu?"

"Alimaanisha kalibu, mama. Anakosea tu."

"Jini hajui unachomaanisha. Jini anasikia." Mama Viatu alifuta jasho kwa mkono wenye nyundo. "Hafukuziki. Mgeni aliyekaribishwa hafukuziki, utamkasirisha tu. Ila hata yeye ana adabu zake. Ukimpigia hodi kwake, pale alipotokea, lazima aitikie, na mwenye nyumba anakaribisha akiwa ndani. Akiitikia, kesharudi ndani."

"Nitabisha mimi," Baba alisema, akijaribu kusimama.

"Sikia kwanza. Ukikaribishwa nawe unaingia. Hiyo haina mjadala."

Dada alikuwa safu ya tano. Brashi ilikuwa ikigwaruza, haikuwa na damu ya kutosha tena, na midomo yake ilikuwa imepauka kama chaki. Baba alipiga hatua. Kiganja kikamzuia kifuani. Kilikuwa cha Mjomba. Kidevu chake chote kilikuwa damu, na alikuwa akionyesha kwa kidole kwenye mdomo wake mtupu, kwamba huu, huu ndio uliofungua.

Sindano alimshika shati. Mjomba alimtoa vidole kimoja kimoja, kwa upole, akikwepa kile kilichokatika. Alipiga magoti chini ya tumbo la meli, pale ambapo lile dirisha lisilo la sindano lilikuwa limewaka tena, akabisha. Mbili za haraka. Kimya. Halafu moja.

Brashi ikasimama.

Uso wa Dada ukageuka polepole, mdomo ukafunguka, na kila mtu aliona kwamba kile kilichokuwa ndani yake hakikutaka kusema, na kwamba kililazimika.

"Karibu," kilisema, kwa *r* iliyonyooka kabisa.

Dada alianguka kama gunia. Wakati huohuo mkono wa Mjomba uliingia kwenye lile tundu lisiloweza kupitisha hata punje ya mtama, vidole kwanza, halafu kifundo, na mifupa ikaanza kuvunjika moja baada ya nyingine kwa mlio wa kuni kavu, kiwiko, bega, kola ya shati, na Baba alikuwa amemshika kiunoni akivuta na akivutwa mpaka Mama Viatu alipompiga mkono kwa nyundo ili aachie, na kichwa cha Mjomba kikageuka mara ya mwisho kumtazama Sindano, kikabanwa, kikapita, na nyuma yake mbavu zikafuata zikikunjana kama mwavuli.

Viatu vyake vilibaki sakafuni. Vilikuwa vimepangwa sambamba, kama vya mgeni aliyevivua mlangoni.

Mama Viatu alikanda nta yake ya uzi wa viatu akaziba dirisha lile, kisha wakaiburuta Ngurumo uani wakaichoma mchana kweupe, mbele ya majirani waliolia kana kwamba wao ndio waliofiwa. Iliwaka mpaka jioni. Polisi waliandika ajali ya moto, watu wawili. Dada alishonwa mkono wote, akapona, isipokuwa hakuvumilia tena kumsikia mtu akimkaribisha chakula. Baba hakushika kalamu tena.

Wiki ya tatu Sindano alitumwa dukani kununua bandeji za Dada. Duka lilikuwa na watu wengi kuliko kawaida. Wamama walisukumana na watoto wao mbele ya rafu moja ndefu, na Sindano alipopenya kati ya mabega aliziona: Ngurumo, mamia, za plastiki ya kijivu, kila moja yenye urefu wa kiganja. Kiwanda kilikuwa na kalibu yao tangu saa nne ya siku ile.

Alichukua moja. Aliipindua. Chini ya tumbo, mahali pasipo na dirisha, palikuwa na tundu moja dogo. Lilikuwa na joto.

Akaipeleka sikioni, na ndani kabisa, mbali, akasikia. Mbili za haraka. Kimya. Halafu moja.

Ilikuwa hodi aliyoikimbilia tangu alipojifunza kutembea. Neno lilimjia lenyewe mpaka kwenye meno, akaliuma, akaliuma na ulimi wake mpaka akaonja damu, na mle ndani hodi ikarudi, namna ileile, kwa subira ya mtu anayejua kwamba hapo nyumbani hajawahi kufungiwa mlango.

Hakuitikia. Aliirudisha rafuni, akageuka kuwaambia wale wamama.

Nyuma yake msichana mdogo alikuwa ameshapewa yake. Aliiweka sikioni, akasikiliza, uso wake ukachangamka kwa furaha, akafungua mdomo kujibu kama alivyofundishwa na mama yake.