Picha Zote ni za Jumanne

Mikono miwili ilishika kamera moja kwa wakati mmoja.

Mmoja ulikuwa wa mwanamume, mrefu na mkavu, una doa la wino wa mashine ya kunakili kwenye kidole gumba. Mwingine ulikuwa wa mwanamke, ndani ya glavu nyekundu ya sufi iliyokatwa vidole. Ilikuwa Jumamosi ya kwanza ya Februari, katika ukumbi wa askari wastaafu upande wa kusini wa Milwaukee, ambako wapenda kamera hukutana kila mwezi kuuziana vyombo vya zamani. Watu walisongamana kati ya meza, makoti yananuka theluji iliyoyeyuka, na mwenye meza ile alikuwa anakula soseji, hana haraka ya kuamua ugomvi.

"Usiinunue hii," alisema mwanamume.

"Kwa nini?"

"Lenzi yake ina ukungu. Iinue kwenye taa uone. Kila picha itatoka kama imepigwa ndani ya supu."

"Mbona wewe hujaiachia?"

Mwanamume akautazama mkono wake kana kwamba ni wa mtu mwingine, akaiachia. Mwanamke aliinua kamera kwenye taa. Alikuwa amevaa koti la kijani lililofika magotini na kofia ya kufuma yenye kishada, na miwani yake nayo ilikuwa na ukungu wa kutoka kwenye baridi.

"Kweli ina ukungu," alisema. "Maskini. Naichukua."

"Nimekwambia ni mbovu!"

"Nimekusikia, bwana. Kwani nani alikuuliza?"

"Hakuna. Mimi watu hawaniulizi. Ndiyo maana nina blogu."

Mwanamke alicheka mpaka mwenye meza akaacha soseji yake. Hivyo ndivyo Renata Gorski alivyokutana na Wendell Krueger.

Wendell alikuwa na miaka arubaini na sita. Mchana alitengeneza mashine za kunakili maofisini, shati la mistari limefungwa mpaka kifungo cha shingo, kalamu mbili mfukoni. Lakini kazi aliyoiona ndiyo kazi ilikuwa blogu yake. Kwa miaka tisa alikuwa akitoa maoni: Jumatatu muziki, Jumanne televisheni, Jumatano upigaji picha, Alhamisi programu za kompyuta. Kila kitu alikipa alama kati ya kumi. Jumapili baada ya kanisa alikaa akaandika makala nyingi kwa mkupuo, akazipanga kwenye foleni mwezi mzima na zaidi mbele kama mama anavyopanga chupa za achari, na kompyuta ikawa inazitoa yenyewe saa moja asubuhi, moja kila siku yake, yeye akiwa anapiga mswaki.

Wasomaji wake walikuwa arubaini na mmoja. Mwaminifu kuliko wote alikuwa mama yake, Lorraine, aliyezichapa makala zote kwenye karatasi na kuwasomea wanawake wenzake wa kushona mablanketi.

Wendell alikuwa na maoni juu ya kila kitu chini ya jua. Swali hakuwa nalo hata moja.

Ijumaa iliyofuata alimpeleka Renata kula samaki, kama mji mzima unavyofanya siku hiyo. Walikaa karibu na dirisha, wakaletewa sangara wa kukaanga, chapati za viazi, kabichi ya siki na mkate mweusi. Renata alikuwa amevaa gauni la bluu lenye vifungo vyeupe. Wendell aliona gauni lile linastahili tisa, na kwa mara ya kwanza maishani akanyamaza na maoni yake.

"Mimi natengeneza programu za kompyuta," Renata alisema. "Nyumbani, peke yangu."

Mwanamume mwingine angeuliza, programu gani? Wendell alisema, "Programu siku hizi zimenenepa bure," akaeleza kunenepa huko kwa robo saa nzima. Renata alimsikiliza, kidevu mkononi. Wendell alikosea sana, lakini alikosea kwa namna iliyomchekesha.

"Blogu yako sitaisoma kwanza," alimwambia wakati wa kuvaa makoti. "Maoni yako nayapenda yakiwa ya moto, kama samaki."

Zikawa Ijumaa tatu za samaki. Katikati yake zilikuwa simu.

"Umekitazama kile kipindi?" Renata aliuliza.

"Nimekitazama. Saba. Mwisho waliukimbiza."

"Mimi nimelia."

"Kulia si kipimo, Renata."

"Kwangu ndicho kipimo. Na santuri uliyoniazima?"

"Umeisikiliza yote? Kwa mfululizo? Bila kuruka?"

"Nimeruka wimbo wa nne."

"Wa nne ndio moyo wake!"

"Basi moyo wake una kelele, kipenzi changu. Lala salama."

Wendell alibaki ameshika simu. Kipenzi changu! Angeipa kumi, ila hakuwahi kutoa kumi.

Alhamisi ya kwanza ya Machi, saa moja na nusu asubuhi, simu ililia.

"Habari za asubuhi, kipenzi," alisema Wendell, povu la dawa ya meno mdomoni.

"Usiniite kipenzi. Leo umeandika nini kwenye blogu?"

"Leo? Alhamisi ni programu. Hiyo niliiandika Januari, sikumbuki niliweka ipi."

"Mteja wangu mmoja kaniletea. Ngoja nikukumbushe. 'Kikapu, toleo la tatu, programu ya kupanga picha. Alama mbili kati ya kumi. Niliingiza picha mia tatu za zamani, nayo ikazipanga zote kwenye Jumanne moja. Mtu mmoja amezaliwa, ameoa na amezikwa Jumanne hiyo hiyo, kabla ya chakula cha mchana. Aliyeitengeneza hii hajawahi kupenda picha hata moja maishani mwake.'"

Wendell alitabasamu, Mungu amsamehe. Aliona imeandikwa vizuri.

"Ni kali kidogo," alisema, "lakini—"

"Kikapu ni changu."

"Chako kivipi?"

"Nimekitengeneza mimi, Wendell! Miaka minne, kwenye meza ya jikoni, mkate upande huu na kompyuta upande ule!"

Povu lilimpalia. "Hukuniambia!"

"Hukuniuliza! Ijumaa tatu nimekaa mbele yako. Najua maoni yako juu ya betri, juu ya vinanda, juu ya watangazaji wa hali ya hewa. Wewe wajua nini kuhusu mimi?"

Alitaka kusema anajua kuhusu gauni la bluu, lakini simu ilikuwa imekatika.

Wendell alifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa miaka tisa. Alikwenda kwenye kompyuta na mswaki mkononi, akaifuta makala nzima. Kisha akampigia Renata. Akapiga mara nne. Mara ya tano akapokea.

"Nimeifuta," alisema kwa fahari. "Haipo tena. Kama haikuandikwa."

Renata alilirudia neno lake.

"Umeifuta?"

"Kwa ajili yako, mpenzi."

"Ulipoiandika, ulikuwa unasema kweli?"

"Wakati ule... ndiyo."

"Basi ama ulidanganya Januari, ama unadanganya leo. Chagua. Mtu wa blogu hafuti, Wendell. Akikosea anapiga mstari katikati ya maneno ili watu wayasome, kisha anaandika ukweli pembeni. Hata mtoto wa dada yangu anajua, naye anaandika kuhusu sungura. Mimi nilikupenda kwa sababu unasema unachofikiri. Sasa nikikuonyesha kitu, nitajuaje kama unakisifu au unaniogopa? Kwaheri."

Ijumaa hiyo Wendell hakula samaki. Jumapili alikwenda kwa mama yake, akamkuta amekaa na rundo la karatasi mapajani.

"Makala ya Alhamisi imekwenda wapi?" Lorraine aliuliza. "Nilipata bahati nikaichapa mapema. Niliwasomea wenzangu."

"Walisemaje?"

"Walicheka sana pale pa Jumanne. Mimi sikucheka, mwanangu. Nilijua mtu huyo ni Harold."

Wendell alilitazama zulia. Harold alikuwa baba yake, aliyefariki Oktoba. Picha mia tatu zilitoka kwenye sanduku lake. Wendell alikuwa ameziingiza moja moja, mtoto mchafu wa mji wa Sheboygan, mwanajeshi mwenye masikio makubwa, bwana harusi, mzee na samaki wake, akitegemea kumwona baba akipita tena kwa mpangilio kutoka mwanzo mpaka mwisho. Badala yake alipata Jumanne.

"Kwa nini hukuandika kwamba ni baba yako?"

"Blogu haina siku ya mambo hayo, Mama."

"Na huyo aliyeitengeneza, umemuuliza kwa nini ilifanya vile?"

"Sikumuuliza."

Lorraine alikunja karatasi zake. "Kuuliza si ujinga, Wendell. Baba yako naye alikuwa hivyo hivyo. Katika maisha yetu yote aliniuliza kitu kimoja tu. Bahati nzuri kilikuwa cha maana."

Jioni hiyo makala ilirudi mahali pake. Sentensi ya mwisho ilikuwa imepigwa mstari katikati, inasomeka vizuri, na chini yake palikuwa na maneno mapya:

"Niliandika haya bila kuuliza, kisha nikayafuta kwa woga. Yote mawili ni makosa. Mtu aliyezaliwa, kuoa na kuzikwa Jumanne ni baba yangu, Harold Krueger. Nilikasirika kwa sababu nilikuwa na hamu naye. Aliyetengeneza Kikapu namfahamu sasa. Alinunua kamera mbovu mbele ya macho yangu kwa sababu aliihurumia; hakuna apendaye picha kuliko yeye. Alama zinabaki mbili, maana tarehe ni mbovu vilevile. Renata, kwa nini inafanya hivyo?"

Alikaa mbele ya kompyuta, mikono kati ya magoti. Maoni ya wasomaji yakaanza kuingia chini ya makala.

Wa kwanza alikuwa mama yake: "Renata ni nani?"

Wa pili alikuwa msomaji wa mji wa mbali wa Saskatoon ambaye hajawahi kukubaliana naye tangu mwanzo: "Wendell ameuliza swali. Jamani, kuna mtu anaweza kwenda kumwangalia?"

Wa tatu akaandika: "Inasoma siku picha ilipoingia kwenye kompyuta, siyo siku ilipopigwa. Kosa ni langu. Picha zangu zote ni za juzi, sikufikiria watu wenye masanduku. Pole sana kwa baba. Mbili ni halali. Niletee picha zote Jumamosi, na uje na samaki. R."

Wa nne alikuwa mama yake tena: "Renata, mimi ni Lorraine. Samaki asinunue yeye. Hajui kuchagua."

Jumamosi ile Wendell alipanda ngazi za nyumba ya Renata na sanduku la viatu kwapani. Renata alifungua mlango akiwa na fulana yenye unga na penseli nyweleni.

"Mbili kati ya kumi," alisema.

"Mbili," Wendell alikiri.

"Ingia basi, usisimame hapo ukipoza nyumba."

Zilipita Jumamosi nyingi kwenye meza ile ya jikoni. Renata aliandika upya sehemu ya tarehe, Wendell akamsomea maandishi ya nyuma ya kila picha. Na kwa kuwa mlango ulikuwa umeshafunguka, akajifunza kuuliza mengine. Ukungu wa kamera unaupendea nini? Kwa nini ulilia kwenye kipindi kile? Aligundua kwamba majibu ya Renata yalikuwa marefu na mazuri, na yaliruka huku na huku kama yeye anavyoruka nyimbo.

Mwezi Mei toleo jipya lilikuwa tayari. Harold Krueger alipita mbele yao kutoka mtoto mchafu mpaka mzee, kila picha mwaka wake. Wendell alitazama mpaka mwisho, akavua miwani akaifuta.

"Kulia si kipimo," Renata alimnong'oneza.

"Nyamaza, wewe mwanamke."

Renata alipokwenda kugeuza samaki jikoni, Wendell alitoa picha moja mfukoni, akaiingiza kwenye Kikapu. Ilipigwa kwa ile kamera yenye ukungu. Akaandika tarehe. Kompyuta ikalia kama kifaranga.

"Inakataa nini?" Renata alikuja na mwiko mkononi, akainama kwenye kioo. "'Tarehe hii haijafika.' Umekosea, Wendell, umeandika Juni ya mwakani. Na hii ni picha ya nini? Mbona iko kama supu?"

"Mlango wa kanisa la Mama."

"Mbona hauna watu?"

"Hawajafika."

Mwiko ulibaki hewani, unadondosha mafuta sakafuni. Mfukoni Wendell alikuwa na karatasi yenye maoni yake juu ya ndoa, aya nne. Aliiacha humo humo.

"Renata," alisema, "siku hiyo una nafasi?"

Mwanamke alivua miwani yake, akaipangusa kwa fulana, akaivaa tena ikiwa na unga kuliko mwanzo.

"Hii kasoro hatuwezi kuiacha," alisema. "Sogea, bwana."

Akakaa. Vidole vyake vilikimbia juu ya kompyuta, samaki anaungua nyuma yao, hakuna aliyeinuka. Kisha akabonyeza mara moja, na mlango wa kanisa ukateleza taratibu ukajipanga mwisho kabisa, baada ya Harold, tarehe yake chini.

"Hiyo ni ndiyo?" Wendell aliuliza.

"Maswali mawili siku moja!" Renata alisema, akimshika sikio. "Pole pole, mpenzi wangu. Utajiumiza."