Rasha Akata Rufaa

Rasha Salem alikuwa akiishi na baba yake Malindi, katika Mji Mkongwe wa Unguja. Mama yake alifariki zamani, Rasha akiwa bado skuli ya msingi. Hakuwa na kaka wala dada. Baba yake, Mzee Salem, alikuwa fundi cherahani. Alishona kanzu katika chumba cha chini, mlango ukiwa wazi.

Kila asubuhi walikunywa chai pamoja. Kisha Rasha alivaa buibui lake na kutia koti jeupe ndani ya mkoba. Koti hilo alilishona baba yake, siku Rasha alipopata nafasi katika chuo cha udaktari.

"Nnakwenda, baba."

"Haya, daktari wangu. Mungu akufungulie."

Lakini Rasha hakuwa akienda chuoni. Alikwenda bustani ya Forodhani, akakaa peke yake kwenye kiti cha saruji. Asubuhi bustani ile ni kimya. Meza za wauza pweza na mishkaki hazijapangwa. Wafagiaji walipita, wakamsalimu, wakaendelea na kazi yao. Rasha alikaa hapo mpaka alasiri. Hakula kitu. Saa ya kutoka darasani ilipofika, alirudi nyumbani.

"Leo mmesoma nini?" baba yake aliuliza.

"Mifupa ya mkono."

Ilikuwa uongo. Usiku Rasha hakuweza kumtazama baba yake usoni.

Mambo yalianza Jumatano, tarehe tano Novemba. Rasha aliitwa ofisini akapewa barua. Barua ilisema hana sifa za kusoma udaktari. Alikuwa amefanya mtihani wa kidato cha sita, akafaulu Fizikia na Baiolojia, lakini Kemia ilimwangusha. Mwaka uliofuata aliirudia Kemia peke yake, akafaulu vizuri. Sasa chuo kilisema lazima mwanafunzi awe amefaulu masomo yote matatu katika mwaka mmoja.

Machozi yalimjaa. Hakuimaliza barua ile. Aliikunja, akaificha ndani ya kitabu. Siku ya pili yake alitolewa kwenye kundi la simu la darasa lake. Hakuna mwenzake hata mmoja aliyempigia kuuliza kulikoni.

Jumatatu, tarehe kumi na saba, Bi Shemsa alipita Forodhani. Alikuwa jirani yao wa Malindi, na kazi yake ni msaidizi wa sheria. Ofisi yake iko Amani, na watu husaidiwa bure. Siku hiyo alikuwa akitoka Vuga, mahakamani.

"Rasha?"

"Naam. Shikamoo, Bi Shemsa."

"Marahaba. Juzi Alkhamisi nlikuona hapa hapa. Nikasema labda hamna masomo. Na leo pia hamna?"

Rasha aliinamisha kichwa. Bi Shemsa akakaa karibu naye. Hakumharakisha. Baadaye Rasha akatoa kitabu mkobani, akampa barua iliyofichwa ndani.

Bi Shemsa aliisoma polepole, kutoka juu mpaka chini kabisa.

"Umeisoma yote?"

"Sikuweza."

"Basi soma mstari huu wa mwisho. Wenyewe umeandikwa kwa herufi ndogo."

Rasha akasoma. "Mwanafunzi asiyeridhika anaweza kukata rufaa ndani ya siku kumi na nne tangu kupokea barua hii."

"Uliipokea lini?"

"Tarehe tano."

Bi Shemsa akahesabu kwa vidole. "Mwisho ni keshokutwa, Jumatano. Ikipita hiyo, mlango utakuwa mgumu kufunguka. Sasa niambie kweli, mwanangu. Ulipoomba nafasi, uliwaficha kwamba ulirudia Kemia?"

"Hasha! Niliwapa vyeti vyote viwili."

"Na mwongozo wa kuomba nafasi ulisemaje?"

"Ulisema tufaulu masomo matatu. Haukusema mwaka mmoja."

"Una hakika? Maana kama ulisema, siwezi kukudanganya. Ntakwambia utafute kozi nyengine."

Rasha akafungua simu yake. Mwongozo wa mwezi wa Julai ulikuwa bado umo. Bi Shemsa akausoma, halafu akairudia barua. Kanuni ya mwaka mmoja ilipitishwa mwezi wa Oktoba. Wakati huo Rasha alikuwa ameshakubaliwa.

"Hapa tuna la kusema," alisema Bi Shemsa. "Chuo kina haki ya kuweka kanuni zake. Lakini wewe uliomba kwa kanuni za Julai, na wao wakakukubali. Tena hawakukuita kukusikiliza kabla ya kukutoa."

"Twende mahakamani?"

"Bado. Kwanza rufaa ndani ya chuo. Wakikataa, tutapeleka malalamiko kwa wanaosimamia vyuo. Mahakama ni mwisho. Na mtu akikwambia anaweza kukubadilishia cheti, mkimbie. Cheti cha kughushi kitakuharibia hata haki uliyo nayo."

Rasha akaikunja barua.

"Baba yako anajua?"

"Hajui."

"Mwambie leo. Mzigo huu si wa kubeba peke yako."

Jioni ile Rasha alisimama mlangoni mwa chumba cha kushonea. Akamweleza baba yake yote, tangu barua mpaka uongo wa mifupa ya mkono. Mzee Salem aliendelea kukanyaga cherahani. Sindano ilikwenda, ikakwenda, mpaka kitambaa kikaisha.

"Siku zote hizo," alisema, "mchana ulikuwa ukila wapi?"

"Nilikuwa sili, baba."

Mzee Salem akavua miwani yake. Kisha akainuka, akaenda jikoni, akampakulia wali na mchuzi wa samaki. Akakaa mbele yake mpaka alipomaliza.

Siku ya pili Rasha na Bi Shemsa waliandika barua ya rufaa. Ilikuwa ukurasa mmoja tu. Waliambatanisha nakala za vyeti viwili, barua ya kukubaliwa, barua ya kutolewa na mwongozo wa Julai.

"Usiondoke pale bila muhuri," Bi Shemsa alimwonya. "Nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa, na tarehe iandikwe."

Jumatano asubuhi Rasha alikwenda chuoni peke yake. Karani alisema, "Mhusika hayupo. Iache hapo mezani."

Rasha hakuiacha. "Samahani, nitasubiri anayeweza kunigongea muhuri."

Alisubiri kwa muda wa saa tatu kwenye benchi la ukumbini. Wenzake wa darasani walipita. Wawili walimwona, wakageuza nyuso. Rasha hakuondoka. Saa saba mchana karani aliona haondoki, akaigonga muhuri nakala yake.

Zikapita wiki tatu. Rasha alikaa nyumbani akisoma vitabu bila ya mwalimu. Simu haikulia. Baba yake hakumwita daktari tena, maana aliogopa kumuumiza. Rasha aliliona hilo, na likamuumiza zaidi.

Kisha akaitwa mbele ya kamati ya rufaa. Watu watatu walikaa upande mmoja wa meza, yeye upande wa pili. Bi Shemsa aliambiwa asubiri nje.

"Kwa nini unaona umeonewa?" aliuliza mwenyekiti.

Rasha alimtazama usoni. "Sikuficha kitu. Nilifuata mwongozo mlionipa nyinyi wenyewe. Kanuni hii ilikuja mimi nimeshaanza masomo. Na leo ndiyo mara ya kwanza naulizwa."

Mwenyekiti aliweka mwongozo na barua pamoja, akalinganisha tarehe.

Baada ya siku mbili jibu likaja. Safari hii Rasha alisoma mpaka mstari wa mwisho. Kamati iliamua kwamba kanuni mpya itawahusu waombaji wa mwaka ujao. Rasha arejeshwe darasani.

Alirudi Jumatatu. Wenzake walikuwa mbali katika masomo, na kila mmoja alikuwa na kundi lake. Rasha alikaa nyuma, viti viwili kando yake vikiwa vitupu. Mwalimu alianza kuita majina. Aliita yote yaliyopigwa chapa, Rasha akihesabu pumzi zake. Chini kabisa ya karatasi palikuwa na jina moja lililoongezwa kwa kalamu.

"Rasha Salem."

Darasa zima likageuka.

"Naam," alijibu Rasha, kwa sauti ya kusikika.